Yuko Gara

Nilisema gara. Nitaapa mbele ya padri, na wakitaka nitaapa mbele ya sheikh pia, nilisema gara. Anayetaka kunilaumu anilaumu kwa mengine, yapo tele, lakini neno lile nililitamka leo asubuhi kama ninavyolitamka siku zote.

Mimi ni Mhangaza, na ulimi wangu ile herufi ya kulamba meno hauitaki. Shuleni mwalimu alinichapa mpaka nikajua kuiandika, kuisema nikamwachia yeye. Pale kwetu Benaco ukutani wameandika kwa rangi nyekundu GHALA LA NAFAKA, na mimi naisoma kutoka ng'ambo ya barabara bila miwani. Lakini nikifungua mdomo inatoka gara. Makuli wangu wote wanasema gara, na madereva wa malori wameshazoea. Hakuna aliyewahi kupotea kwa ajili ya neno hilo, mpaka leo.

Sasa hivi nimekaa kwenye benchi la hospitali. Chai niliyoletewa imeniishia kwenye suruali. Naogopa. Sioni haya kusema, mtu mzima wa umri wangu, nyapara wa makuli niliyebeba magunia tangu enzi za malori ya wakimbizi, naogopa kama mtoto. Nyuma ya mlango huu amelala Wiston, mtoto wa dada yangu Francisca, na sijui kama atatoka humo akiwa Wiston.

Ngoja niseme ilivyokuwa, maana nikikaa kimya nasikia ile simu inaita.

Bosi wetu ni Pili. Ghala ni la baba yake mdogo, Mzee Yunusu, wa wale wafanyabiashara wa Biharamulo mjini ambao mababu zao walitoka pwani. Pili kasomea mambo ya biashara Mwanza, mwaka huu ndio kaletwa kusimamia. Si mtu mbaya. Ana adabu, kila asubuhi "Mzee Projestus, shikamoo" haikosi, ila Kiswahili chake kimenyooka mno na changu kinamchekesha. Nikisema "rori limefika" ananiambia, "Mzee, lori, sema lori." Namwambia, "Wewe pokea mzigo, herufi tutazipanga baadaye." Tunacheka. Mpaka juzi tulikuwa tunacheka.

Kilichotuharibia ni lumbesa. Gunia likishajaa, mtu analishindilia tena, halafu juu anashonea kilemba cha kamba kinachobeba karibu nusu ya gunia jingine. Mwenye kufaidi anafaidi, mwenye mgongo analia. Wiki iliyopita mwenzetu Alfonce alitwishwa lumbesa la maharage, mgongo ukalia ko! nikausikia nikiwa mlangoni. Mpaka leo anatembea kama anayetafuta sindano. Makuli wakaniambia, nyapara, nenda kamwambie bosi hatubebi tena lumbesa. Nikaenda. Bosi akaniambia, mzee, waambie wateja ndio wanaofungasha, mimi nifanyeje? Nikarudi nikawaambia. Ndiyo kazi ya nyapara hiyo, huku unatukanwa, kule unatukanwa, wewe unabeba tu.

Jana makuli wakaweka magunia chini. Wakavuka barabara wakakaa kwenye kibanda cha chai, basi. Jioni Pili akaleta watu wengine, kundi zima kutoka Nyamahanga, wakulima ambao mavuno yamewaishia mkononi. Kiongozi wao Msukuma mmoja mrefu, Ndassa. Waliposhuka kwenye gari wenzangu waliwazomea, na mmoja aliokota jiwe. Nilimshika mkono mimi. Hapo ndipo Wiston akaenda kusimama mbele ya geti.

Wiston ana mdomo. Kamaliza kidato cha nne, sasa ni kuli mwenzetu, anajua sheria mbili tatu, na akizisema utadhani anazo mia. Akamwambia Pili mbele ya watu wote, "Bosi, kesho asubuhi na mapema nakwenda Ngara kwa afisa kazi. Aje na mizani. Aje na mgongo wake pia, tumtwishe lumbesa moja tuone." Watu wakapiga makofi. Nilimwangalia Pili. Macho yalimtoka, na nikajua ameogopa kwelikweli. Baba yake mdogo si mtu wa kuambiwa kwamba serikali imekuja getini.

Lakini leo asubuhi Wiston hakwenda Ngara. Angekwenda na miguu ipi? Aliamka na homa, meno yanagongana, shuka imelowa. Alimeza dawa mseto ya malaria, akajifunga koti langu, akaniambia, "Mjomba, napanda kitandani."

Sasa hapa unisikilize vizuri. Kitanda tunachokiita sisi si cha mbao. Tukipanga magunia mpaka karibu na paa, pale juu katikati tunaacha nafasi ya gunia moja bila kuiziba. Inakuwa shimo la kumtosha mtu kulala, chini maharage, pembeni maharage, na juu bati lenye joto la jua. Kuli akiumwa, au akichoka kupita kiasi, anapanda kule. Mabosi hawakijui. Mzee Yunusu mwenyewe hajawahi kukijua. Ndiyo maana kila siku ya kuweka dawa ya wadudu ninapanda mimi mwenyewe kwanza, napiga debe huku napiga kelele, "Kitandani kuna mtu?" Halafu ndio tunafunika turubai. Hakuna aliyenituma kufanya hivyo. Tumezoea tu.

Basi mlinzi wa usiku akamfungulia, kisha yeye mlinzi akaenda zake kulala nyumbani. Mimi nikavuka barabara kukaa na wenzangu wenye mgomo.

Jua lilipokuwa limechomoza vizuri simu yangu ikaita. Pili.

"Mzee Projestus, shikamoo."

"Marahaba, bosi."

"Wiston yuko wapi?"

Barabarani yalikuwa yanapita malori ya kwenda Rusumo, yananguruma, nikaziba sikio moja. Nikajibu, "Yuko gara."

Akauliza, "Tangu saa ngapi?"

"Tangu arfajiri."

"Kumbe alikuwa hatanii." Akavuta pumzi, nikaisikia. "Sawa. Nimeelewa. Na mimi najua la kufanya." Akakata.

Mimi nikaelewa nini? Nikaelewa kwamba amejua kijana yumo ndani, na atamtoa nje kwa maneno makali. Nikawaambia wenzangu, Wiston anakwenda kufukuzwa kitandani muda si mrefu, mkoleze moto kibandani akija apate uji wa moto. Wakacheka. Hilo la "alikuwa hatanii" lilinipita tu. Nilidhani anasema habari ya mgomo.

Yeye alisikia Ngara. Masikio yake yalishafika Ngara kabla mimi sijafungua mdomo. Usiku kucha alikuwa amelala na lile neno, Ngara, afisa kazi, mizani, kwa hiyo nilipomletea gara akajazia mwenyewe kilichobaki.

Na unajua alilofanya? Ni akili, siwezi kusema si akili. Dawa ya wadudu tulikuwa tuweke wiki ijayo. Akampigia Salum, mtu wa dawa, aje leo leo. Ghala likishafungwa na kubandikwa lile bango lenye fuvu la mtu, hata afisa kazi akija na polisi hafungui. Hatazikuta lumbesa, wala hatawakuta watu wa Nyamahanga wakizibeba. Siku zikipita, hasira za watu zitapoa. Ndivyo alivyopanga, kanieleza mwenyewe hapa hospitalini huku analia.

Gari la Salum liliingia getini tukaliona. Akashusha mikebe yake na ile barakoa ya mpira yenye pua kama nguruwe. Ndassa na watu wake wakaingiza turubai ndani. Mmoja wetu akasema, wanaweka dawa bila sisi. Mwingine akasema waache, watashindwa hata kulivuta. Mimi nikasema, "Watakuwa wamemtoa Wiston." Nikaendelea kunywa chai.

Nikangoja kumwona akitoka. Hakutoka.

Nikajiambia katokea mlango wa nyuma. Nikajiambia pengine Pili kamweka ofisini anamhoji. Salum na wale watu wakatoka wakafunga milango yote, wakabandika karatasi za gundi kwenye nyufa, wakabandika fuvu. Nikaweka kikombe chini. Nikamuuliza mama wa kibanda, "Umemwona Wiston akipita huku?" Akasema hajamwona. Nikamuuliza tena, akanikasirikia. Nikainuka nikakaa. Jua likazidi kupanda na mimi bado najidanganya pale, maana nilikwisha kumwambia bosi, na nilimwambia vizuri, na yeye mwenyewe alisema ameelewa. Mtu anawezaje kuambiwa kuna mtu ndani halafu akafunga? Nikainuka tena, safari hii nikavuka barabara.

Pili akanijia getini kabla sijagonga. Uso ameukaza.

"Mzee, shikamoo. Kama umekuja kunibembeleza, hapana. Mpigie Wiston simu, mwambie huko Ngara aliko asijisumbue kurudi na mtu. Ghala limefungwa."

Nikamuuliza, "Ngara ipi?"

"Ngara ipi tena? Si umeniambia mwenyewe! Yuko Ngara tangu alfajiri."

"Gara!" nikasema. "Nirikwambia gara!"

"Ndiyo, Ngara."

"Gara! Gara hiyo! Hiyo!" Nikanyoosha kidole kwenye ule ukuta, kwenye zile herufi nyekundu. "Hiyo iriyoandikwa!"

Akageuka akaangalia ukuta. Midomo yake ikatamka polepole, bila sauti, kama anasoma kwa mara ya kwanza. Halafu rangi yote ikamtoka usoni.

"Hapana," akasema. "Hapana, mzee. Salum aliita mlangoni. Aliuliza kama kuna mtu."

"Ana homa! Karara! Yuko kitandani, juu kure, kwenye shimo!"

"Kitanda gani?"

Nilitoa simu nikampigia Wiston. Nilitaka apokee, aniambie mjomba niko kwa rafiki yangu, acha kelele. Nilimwomba Mungu hivyo, kwa maneno hayohayo. Simu ikaita sikioni mwangu. Na sote tukasikia, Pili, mimi, Salum aliyekuwa anafunga mikebe yake garini, Ndassa na watu wake kivulini, tukasikia nyuma ya ule ukuta, mbali, kama chini ya godoro, wimbo wa simu ya Wiston.

Ikaita mpaka ikakatika yenyewe.

Ndassa ndiye aliyesogea wa kwanza, akavua kofia. "Mimi niliona kitu kama koti kuukuu kule juu," akasema taratibu. "Nikajua ni magunia matupu. Sisi hatukuambiwa kama watu hulala kule."

Nani angewaambia, na mimi nilikuwa nimekaa ng'ambo ya barabara nakunywa chai? Nilikwenda mlangoni nikaanza kubandua zile karatasi kwa kucha.

Salum akanidaka mkono. "Mzee, ngoja! Vidonge vya dawa vimeshaanza kutoa hewa ya sumu. Ukifungua ukaingia hivyohivyo unaanguka mlangoni, halafu tuna wawili."

"Basi niwe wa piri."

"Barakoa ninayo moja tu."

"Nipe."

"Hujui kuivaa. Naingia mimi. Lakini kumshusha mtu mzima kutoka juu kule peke yangu siwezi, nakwambia ukweli." Mtu wa dawa aliyezoea vifo vya panya na fukusi, midomo ilikuwa inamcheza.

Kijana mmoja wa Nyamahanga akaja anakimbia na ndoo ya maji, atuloweshee vitambaa vya kufunga puani. Salum akampigia kelele barabara nzima ikasikia, "Maji weka mbali! Vidonge vikiloa vinalipuka! Na kitambaa hakizuii kitu, hewa hii inapita kila mahali. Anayeingia abane pumzi, afanye la kufanya, atoke avute nje. Ukisikia harufu ya kitunguu saumu, umeshachelewa, toka."

Nikageuka kuwaita wenzangu, kumbe walikwisha kuvuka barabara. Waliona nilivyokuwa nikikwaruza mlango. Wale wenye mgomo na wale walioletwa kuuvunja walisimama pale wamechanganyikana, na aliyeokota jiwe jana alikuwa bega kwa bega na Ndassa. Hakuna aliyemzomea mwenzake. Niliwaona wote wameogopa. Mmoja alikuwa anafanya ishara ya msalaba mara nyingi mfululizo.

Hapo kazi yangu ikanirudia mwilini. Nikawaambia tunapokezana, kama tunavyopokezana gunia. Salum atakata kamba na kulivuta turubai, atamfikisha ukingoni. Wawili kwenye ngazi ya magunia, wawili chini, wawili katikati ya njia, wawili mlangoni. Kila mtu abane pumzi, apokee, apeleke, akishapeleka akimbie nje. Asingoje kuona. Nikawapanga kwa mkono, huyu wa Benaco, huyu wa Nyamahanga, huyu wa Benaco, kwa urefu wao, bila hata kuuliza majina. Mimi nikajiweka kwenye ngazi. Ndassa akasema na yeye ngazi.

Tukafungua milango yote miwili, wa mbele na wa nyuma. Salum akataka tungoje upepo upite. Tulingoja. Nikwambie ukweli, kule kungoja ndiko kulikonimaliza. Nimesimama mlangoni, ndani giza na lile turubai jeupe limekaa juu ya magunia kama sanda, na sisikii hata kikohozi. Nilikuwa namsema kimoyomoyo, kohoa, mjinga wewe, kohoa hata mara moja. Kimya.

Salum akaingia. Tukaona turubai linateleza, linaanguka. Akapanda, akapotea juu. Halafu mkono wake ukaonekana unatuita.

Nikabana pumzi nikaingia.

Sikumbuki vizuri. Nakumbuka miguu ya Wiston inakuja kwanza, soksi moja imetoka. Nakumbuka ilivyokuwa mizito, na mimi nawaza, hii ni lumbesa, Mungu wangu, mtoto wa Francisca amekuwa lumbesa. Macho yalikuwa yananiwasha. Ndassa alishika mabega, mimi nikashika magoti, tukashuka gunia moja moja, kifua kinanipasuka. Na katikati ya ngazi nikateleza. Nikateleza, na mdomo ukafunguka wenyewe, nikavuta.

Kitunguu saumu. Na samaki aliyeoza.

Nilidhani ndio mwisho wangu. Lakini mikono ilikuwa imeshampokea chini, na mkono mwingine ukanishika ukosi wa shati ukanikokota mpaka juani. Nilitapika pale chini ya zile herufi nyekundu. Nilipoinua kichwa nikamwona Wiston amelazwa kwenye nyasi, midomo ya bluu, povu pembeni ya mdomo, kifua kinapanda kwa shida halafu kinakaa, kinakaa muda mrefu, halafu kinapanda tena. Kila kilipokaa, mimi nilikuwa nakufa.

Pili alikuwa amepiga magoti kichwani kwake, anamwita, "Wiston, nisamehe, Wiston, fumbua macho." Nikampigia kelele, "Wewe mtoto, acha kuomba msamaha, reta gari!" Sijawahi kumwita mtoto. Akainuka akakimbia, hakukosoa herufi.

Safari ya kuja Ngara mjini aliendesha yeye, mimi nyuma na kichwa cha Wiston mapajani. Kila kona nilikuwa nainamisha sikio puani kwake. Kuna mahali karibu na Nyamiaga sikusikia kitu kabisa, nikampiga kofi la shavu kwa woga, akakoroma. Nikamshukuru Mungu kwa mkoromo ule, huku nalia.

Hapa hospitali wakampokea mbiombio. Nesi akanikabili na maswali, kalamu mkononi. "Amevuta nini?" Nikasema dawa ya wadudu. "Alikuwa wapi?"

"Gara," nikasema.

"Najua, baba, hapa ndiyo Ngara. Nauliza alikuwa wapi alipoivuta hiyo dawa? Shambani? Nyumbani? Nje au mahali palipofungwa? Daktari lazima ajue."

Nikafungua mdomo, na nikaogopa. Sijawahi kuuogopa ulimi wangu. Ulikuwa umekaa kinywani kama nyoka, nikawaza, nikisema tena atasikia anachotaka, na kijana atapewa dawa isiyo yake. Nikasema gha. Nikasema gha-ra. Nikajaribu kuulaza ulimi kwenye meno kama mwalimu alivyonifundisha na fimbo, jasho linanitoka, mzee mzima, na nesi ananiangalia kama mtu aliyechanganyikiwa.

"Ghalani," Pili akasema nyuma yangu. "Ndani ya ghala lililofungwa, chini ya turubai. Mimi ndiye niliyelifunga." Nesi akakimbia kumwambia daktari.

Daktari akatoka baadaye akasema dawa hiyo haina dawa yake. Watamsaidia kupumua, wataangalia moyo, na kama kichwa hakijakosa hewa muda mrefu, kijana atarudi. Akasema tuingie mmoja mmoja, tukimwita jina huenda akazinduka.

Niliingia mimi. Wamemwekea mpira wa hewa puani. Nikamwita. Nikamwita jina lake la nyumbani ambalo hapendi nilitaje mbele za watu. Akafumbua macho! Nusura nianguke. Nesi akaja upesi akainama, akauliza kwa sauti ya polepole, "Wiston, unanisikia? Unajua uko wapi?"

Midomo yake ikasogea. Akasema neno moja, kwa sauti ndogo.

Nesi akatabasamu. "Safi kabisa! Anajua yuko Ngara. Akili iko sawa, baba, mshukuru Mungu." Akageuka kwenda kwa mgonjwa mwingine.

Lakini mimi nilikuwa karibu. Na mimi masikio yangu ni ya kwetu. Hakusema Ngara. Hakukuwa na ile n. Na macho yake hayakuwa yananitazama mimi wala nesi, yalikuwa yameganda kwenye dari jeupe, na vidole vyake vilikuwa vinasukuma shuka juu, vinasukuma, kama anasukuma kitu kilichomfunika.

Nikamshika nesi mkono kwa nguvu mpaka akapiga yowe. "Rudi! Rudi, mama, hajasema Ngara! Kasema gara! Bado yumo! Bado yumo mure ndani!"

Akanitazama, akamtazama Wiston, vile vidole. Sijui alielewa neno au alielewa uso wangu. Akapiga kelele kumwita daktari, wakaja watatu, wakanisukuma nje, mlango ukafungwa.

Ndio niko hapa kwenye benchi. Pili amekaa pembeni yangu, hijabu imejaa vumbi la ghala. Aliniuliza, "Kasema nini?" Nikamwambia kama kilivyo, kwa ulimi wangu. Safari hii alisikia. Alijifunika uso kwa mikono miwili akaanza kutikisika.

Na sasa hivi simu yangu imeita. Dada yangu Francisca. Nimeiangalia ikiita mpaka karibu ikatike, ndipo nikapokea.

"Kaka, huyu Wiston ana nini? Nampigia tangu asubuhi, simu yake inaita tu, hapokei. Yuko wapi?"

Simu ilibaki kule. Imo mle shimoni kati ya maharage, milango imefungwa tena, na mama yake anaipigia.

"Yuko Ngara," nimesema. Nimeivuta ile n mpaka meno yakauma. "Nnngara."

"Ngara?" dada akauliza. "Kafuata nini Ngara?"

Hilo ndilo swali ambalo asubuhi Pili hakuniuliza. Angeniuliza hivyo tu, maneno matatu, ningempigia kelele pale pale kwenye simu. Sasa ananiuliza Francisca, na ananingoja nimjibu.